Mwenye Kushika Taa

Cimpunda, Bukavu, tarehe 6 mwezi wa nane

Charlène wangu,

Usishangae kuona karatasi. Ile sauti niliyokutumia juzi, mama yako aliifungulia dukani, na wateja wote wa Minova wakanisikia nikijikwaa. Unanijua: nikiongea ninapotea, nikiandika ninajikuta. Papa Ignace wa boti amekubali kuzibeba barua zangu Jumanne na kuniletea zako Ijumaa anaporudi.

Tangu mhamie huko, niko kila siku studio kwa Tonton Grégoire, mahali pako. Ninakata video za ndoa kama ulivyonifundisha: mlango wa kanisa, pete, keki, zawadi. Nilidhani kiti chako kimekuwa changu. Wiki iliyopita akaja mwingine. Anaitwa Larissa, amemaliza shule mwaka huu kama sisi, ila yeye anatoka Ibanda, kwa wenye nazo. Anacheka kabla hujamaliza kusema. Wateja wananipita mimi niliye karibu na mlango, wanakwenda kumsalimia yeye ndani. Jana maman mmoja aliyefuata picha zake alimwambia Tonton:

“Huyu mutoto anajua kupokea watu. Na ule mwengine, iko mugonjwa?”

Ule mwengine ni mimi.

Tonton ametuambia wazi kwamba kazi ni ya mtu mmoja. Mwisho wa mwezi mmoja atabaki, mwingine ataenda.

Unakumbuka mashine, ile kompyuta yako, ilivyokuwa ikichemka ukitoa video ndefu iliyokwisha kukatwa iwe faili moja? Sasa imezidi. Vumbi la kiangazi limeijaa, ventilateri, feni yake, inalia kama kinu cha muhogo, na ndoa ikifika katikati mashine inazimika yenyewe. Rafiki wa Tonton amemletea kutoka Kampala kifaa cha kuipooza kwa maji. Kimeunganishwa chote kiwandani: kichwa chenye pompi ndogo, kinachokaa juu ya prosesa, mipira miwili myeusi ya kupitisha maji, na radiateri yenye ventilateri mbili. Maji yanazunguka humo, yanachukua joto la prosesa na kulipeleka nje. Sisi tunakiita radiateri tu, chote.

Tonton alikigeuzageuza, akauliza, “Na maji tunaongezaka wapi?” Larissa akacheka, Tonton naye akacheka. Mimi nilijua kwamba maji hayaongezwi, yamefungiwa humo moja kwa moja. Sikusema.

Muuzaji atakipokea kikirudishwa, mwisho tarehe 24. Kwa hiyo tumeambiwa tukifunge, tukipime, tumwandikie Tonton ripoti kama kinafaa kubaki au kurudi. “Hapo ndipo nitajua nani iko mutu wa mashine,” Tonton alisema.

Charlène, mtu wa mashine ni mimi. Kipimo kinafanywaje?

Wako wa zamani na wa sasa,
Eulalie


Minova, tarehe 9 mwezi wa nane

Eulalie, dada,

Nimecheka mpaka mama akauliza kama nimepata mchumba. Hapa ninapima maharage kutwa nzima na kubishana na watu wanaotaka nijaze kopo mpaka lifanye kilima. Kompyuta ya mwisho niliyoiona ilikuwa picha kwenye kalenda. Usinionee huruma, niambie tu: nani anapangusa nyuma ya mashine yangu?

Sasa sikiliza. Kipimo ni haki kwa pande zote mbili. Ukipima ventilateri ya zamani saa saba mchana, na radiateri asubuhi wakati Bukavu nzima inatetemeka, umejidanganya. Chukua ndoa moja, ile ile, uitoe kwa nusu saa. Iwe saa ile ile, dirisha limefungwa. Andika kwanza joto la chumba, kisha la prosesa kila dakika tano. Sikiliza na kelele, maana Tonton anapokea simu palepale. Radiateri muifunge juu ndani ya boksi la mashine na pompi ikae chini yake. Mkigeuza, hewa itakusanyika kwenye pompi na mtasikia maji yakikoroma.

Na someni kijitabu.

Huyo Larissa ananipendeza hata kabla sijamwona. Studio ile ilikosa mtu wa kucheka. Mpe salamu zangu, uniambie kama anajua kulaza muziki juu ya keki, maana wewe hapo ulikuwa unachelewa sekunde mbili kila mara.

Ninakukumbatia,
Charlène


Cimpunda, tarehe 13 mwezi wa nane

Charlène,

Salamu zako sijazifikisha. Nilisahau.

Tumepima kama ulivyosema. Chumba, digri 24. Kwanza tulipangusa vumbi la ventilateri ya zamani, ndipo ikafika digri 86 mwisho wa nusu saa, bila kuzimika. Kisha radiateri: dakika ya tano, digri 93. Dakika ya kumi, 99. Dakika ya kumi na moja, giza. Tulirudia kesho yake, ikawa vilevile. Kelele ni ndogo, siwezi kukataa, pompi inanong’ona tu. Lakini kifaa kinachonong’ona na kuzimisha mashine kina faida gani?

Aliyekifunga ni Larissa. Yeye ndiye aliyeshika bisibisi. Mimi nilishika taa tu.

Jumapili alitualika kwao kwa chai, mimi na Tonton na mke wa Tonton. Ungeona! Viti vya salon, pale sebuleni, bado vimevaa plastiki ya dukani, mwaka wa nne huu. Ukikaa vinalia, ukiinuka vinakushika miguu. Rimoti ina plastiki, mlango wa friji una plastiki. Najua hata kwetu rimoti inavaa mfuko wa sachet, lakini viti! Mama yake anajivuna kabisa: “Kitu mupya inachungwa.” Tonton alisifu kila kitu, hata mandazi yaliyoungua.

Tonton amekataza tusirudishe ventilateri ya zamani mpaka ubaya ujulikane, na sasa video ya bibi-arusi wa kule Walungu imekwama. Familia yake inapiga simu, na Tonton anatoka kujibu barabarani ili tusimsikie akiomba msamaha. Amesema kama ubaya ni wa kifaa, kitarudi. Kama ni mkono wa Larissa, atakwenda Larissa. Mwandikie, Charlène. Wewe anakuamini. Mwambie kwamba mtu ambaye hajawahi kufungua mashine asiiguse.

Na Larissa aliuliza habari zako. Anataka namba yako ili umfundishe. Sikumpa.

Eulalie


Minova, tarehe 16 mwezi wa nane

Eulalie,

Sitamwandikia Tonton.

Digri 99 kwa dakika kumi si mkono mzito wala kifaa kibovu. Kuna kitu kimekaa kati ya kichwa na prosesa. Chini ya kile kichwa kuna shaba, na juu ya shaba kiwanda kinabandika plastiki nyembamba ya kuikinga njiani. Inatakiwa itolewe kabla ya kufunga. Ikibaki, joto halipiti.

Umeniandikia viti vya kwao, rimoti yao na friji yao. Umeniandikia kila plastiki ya nyumba ile.

Kijitabu ulikisoma? Wewe unasoma hata maandishi ya mfuko wa saruji. Na mwenye kushika taa ndiye anayeona.

Charlène


Cimpunda, tarehe 20 mwezi wa nane

Charlène,

Ndiyo.

Nilikisoma usiku wa kuamkia siku ile ya kufunga, chote. Ukurasa wa nne kuna mchoro wa plastiki na mshale, na chini yake wameandika kwa Kifaransa: toa kabla ya kufunga. Kilikuwa mfukoni mwangu wakati tunafanya kazi.

Larissa alikigeuza kile kichwa cha radiateri, akaona ile plastiki, akanisogezea.

“Eulalie, hii inabakia ama inatoka? Maman angesema tuichunge. Angalia shaba inavyong’aa!”

Nilifungua mdomo. Nakuapia, nilikuwa ninataka kusema. Lakini Tonton alikuwa anapita, akamgusa begani: “Larissa, mukono yako iko mwepesi kama ya fundi wa saa.” Mimi nimekaa pale tangu mtihani wa taifa uishe. Nimemkatia ndoa kumi na nne. Hajawahi kuniambia kitu kuhusu mikono yangu.

Nikainama, nikatazama sakafu.

“Ah, Eulalie na haya yake!” Larissa alisema, akanipiga kofi dogo la mapenzi mgongoni. “Basi tuiache, shaba isikwaruzike.” Akapaka ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto juu ya plastiki, akakaza skrubu nne. Nikaendelea kumshikia taa vizuri kabisa, aone anachofanya.

Watu wamezoea ninaponyamaza. Hakuna anayeuliza ndani ya kimya kuna nini, wanasema ni haya, na mimi ninayo haya kweli. Lakini siku ile haikuwa haya. Nilikuwa ninangoja aanguke.

Ameanguka. Jumamosi Tonton alimwambia asirudi mpaka amwite. Hakubishana. Alikunja kitenge chake cha kukalia, akanifuata mlangoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: “Nimekosea wapi? Weye unasomaka sana, uniambie.”

Hata hapo sikumjibu.

Nilidhani nitafurahi. Jana nimekaa kwenye kiti chako kutwa nzima peke yangu, na kila anayeingia anauliza, “Ule wa kuchekaka iko wapi?” Hayupo, na bado ninamwonea wivu. Ninamwonea wivu hata kwa kuwa hana hatia.

Tonton hataki tena kukijaribu, kwa hiyo kifaa kinarudishwa Jumamosi hii. Niambie nifanye nini. Nitakuwa bandarini Ijumaa.

Eulalie


Cimpunda, tarehe 27 mwezi wa nane

Charlène,

Ijumaa nilishuka bandarini mapema. Papa Ignace aliniona kwa mbali, akafungua mikono yote miwili. “Leo hakuna kitu, mutoto yangu.” Nilimwomba aangalie tena chini ya magunia ya vitunguu. Aliangalia kwa sababu ni mwema.

Nilipanda kilima kwa miguu mpaka studio. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitafanya utakaloniambia, na wewe hukuniambia kitu. Nikawa sina wa kumsingizia.

Tonton alikuwa ameweka boksi tupu la radiateri mezani, na bisibisi mkononi, tayari kukitoa kifaa. Nilisema, “Tonton, usikitoe.” Hakusikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kupita kiasi, mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akachungulia.

Nikamweleza. Plastiki, ukurasa wa nne, swali la Larissa.

“Ulijua?”

“Ndiyo, Tonton.”

“Tangu siku ya kwanza?”

“Ndiyo.”

“Na uliacha nimufukuze mutoto ya wenyewe.” Aliweka bisibisi chini polepole. “Familia ya Walungu wananitukana kila siku, nawe unakunywa chai yangu.”

Alimpigia Larissa palepale, akamwambia yote mbele yangu, bila kupunguza wala kuongeza. Larissa alikuja Jumamosi asubuhi. Hakunisalimu. Alifungua skrubu, akabandua plastiki mwenyewe, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniwekea mbele yangu mezani. Akasafisha, akapaka dawa iliyobaki kwenye sirinji, akafunga. Taa aliishika kwa meno.

Chumba, digri 24. Dakika ya tano, digri 55. Nusu saa, 64. Ndoa ya Walungu ilitoka nzima, tangu mlango wa kanisa mpaka dansi ya mwisho, na simu ya Tonton ilipolia hatukuwa na haja ya kupaza sauti. Muuzaji ameambiwa kwamba hakirudi.

Ripoti niliandika mimi, Tonton alitaka hivyo. Niliandika kwamba kifaa kinafaa kubaki, kwa sababu kimepunguza digri ishirini na mbili na kelele karibu yote. Niliandika na ubaya wake: pompi ikifa hatutapata nyingine mjini hapa, kwa hiyo ventilateri ya zamani itunzwe, isitupwe, vumbi la radiateri litolewe kwa brashi kila wiki mpaka mvua zianze, na asije mtu na wazo la kuongeza maji. Niliandika pia kwamba vipimo vya kwanza vilikuwa vya uongo na uongo huo ulikuwa wangu. Larissa alisoma, akasaini chini yangu, akaenda kukaa.

Alikaa kwenye kiti chako. Tonton ameamua. “Asiyejua akauliza, ule nitamufundisha,” aliniambia. “Lakini weye, mashine yangu ingeungua na unaangalia.” Jumamosi hii ni siku yangu ya mwisho.

Mama ameniuliza kwa nini. Nimemwambia ukweli. Amenipa sahani ya chakula.

Kwa nini hukuandika?

Eulalie


Minova, tarehe 30 mwezi wa nane

Eulalie,

Niliandika. Barua ilikuwa ndani ya kitenge changu. Nilifika nayo mpaka ziwani, Papa Ignace akaniita kwa jina, nikamwambia sina kitu. Nikaitazama boti ikienda.

Nilikuwa nimekuandikia neno moja tu: sema. Halafu, kabla sijampa, nikaanza kuhesabu mambo. Nikaona: akinyamaza, kifaa kitarudi Kampala. Larissa ameshafukuzwa. Ventilateri ya zamani itajaa vumbi, mashine itazimika tena, Eulalie atashindwa nayo, na siku moja Tonton atanipigia, “Charlène, rudi.” Nilikwisha kufikiri mpaka nitalala kwa nani nikirudi Bukavu.

Na si hilo tu. Tarehe 9, nilipokuandikia habari za hewa na pompi, niliikumbuka plastiki. Niliikumbuka vizuri, maana ile ventilateri niliifunga mimi mwaka jana, nayo ilikuwa na plastiki chini. Kalamu ilikuwa palepale. Nikaandika “someni kijitabu”, nikaishia hapo. Kwa nini niwape yote? Mimi niko na kopo la maharage, nanyi mnagombania kiti nilichokipasha joto miaka miwili, kila siku baada ya masomo.

Kwa hiyo, ulipokuwa ukimshikia Larissa taa, mimi nilikuwa nakushikia wewe.

Nimesoma kwamba umefukuzwa na nikaona wivu hata kwa hilo. Angalau ulikuwa na mahali pa kufukuzwa. Usinijibu upesi kama umekasirika.

Kuna jambo. Ndoa za zamani nilizipanga kwenye mashine kwa namna yangu, na mtu asiyejua atazifuta akidhani ni takataka. Ninataka kumwandikia Larissa nimweleze. Sitafanya bila wewe kujua. Unakubali?

Charlène


Cimpunda, tarehe 3 mwezi wa tisa

Charlène,

Nilikasirika Ijumaa yote iliyobaki. Jumamosi pia, kidogo. Kisha nikajaribu kuandika barua ya kukusema, nikaona kila ninachokisema nimekifanya mimi kwanza, na wewe hata hukuwepo kuona sura ya Larissa. Mimi niliiona.

Niko na mama sokoni Kadutu kwa sasa, ninamkatia majani ya sombe. Alhamisi nitakwenda kuuliza kazi mahali wanapochapa barua na kutoa fotokopi, karibu na shule yetu. Nitauliza kwa mdomo. Mama anasema tufanye mazoezi, yeye awe bosi, lakini akianza kuwa bosi ninacheka.

Jumamosi, nilipokuwa ninaaga, Tonton alinipa mkono. Larissa hakuinuka. Nikamwambia, “Larissa, ninakuomba msamaha. Si haya iliyoninyamazisha. Nilikuwa ninakuonea wivu, na mpaka sasa bado ninao.” Alikuwa analaza muziki juu ya keki ya mtu. Hakugeuka.

“Nimesikia,” alisema. Halafu, nikiwa nimeshafika mlangoni: “Ule wimbo ya keki, unaanzishaka kisu ikiinuka ama ikishuka?”

“Ikigusa,” nikamwambia.

Akajaribu. Ikaingia sawasawa, hata sekunde moja haikuchelewa. Unaweza kufikiri nilivyojisikia.

Mwandikie. Ana haki ya kujua ndoa zako zimelala wapi. Barua yake ifunge ndani ya yangu, nami nitampelekea mwenyewe mpaka mkononi, bila kuifungua, hata kama itaniwasha vidole njia nzima.

Lakini, Charlène, yangu iwe ndefu kuliko yake.

Eulalie